Bunduki Aliyoitaka Ensio

Jumanne, 9 Agosti 1994

Siku ya mshtuko. Eino Rautala amejitoa kwenye timu ya wazee kwa sababu ya goti. Nafasi moja kati ya tano iko wazi. Itajazwa Jumapili ya tarehe 21: visahani hamsini vya udongo vitarushwa hewani vipigwe risasi, na atakayevunja vingi zaidi ataiwakilisha klabu yetu kwenye mashindano ya Imatra mwezi wa tisa.

Uwanja wa Imatra uko karibu na mpaka wa Urusi. Ng'ambo ya msitu ule, Karelia, ndiko nilikozaliwa, na ndiko tulikotoka vita vilipotufukuza, mimi nikiwa na miaka kumi na miwili, nikiswaga ng'ombe mmoja. Hapa nimekaa nusu karne na bado wananiita yule Mkarelia. Ningeweza kwenda Imatra kwa basi siku yoyote. Si sawa na kwenda nimeteuliwa.

Tuliojiandikisha ni wawili. Mimi na Ensio, kaka wa mke wangu.

Kikwazo: sina bunduki. Ninayotumia ni ya klabu, imeshikizwa kwa waya, na kufuatana na sheria zao haitoki uwanjani. Kibali cha polisi cha kununua ninacho tangu Juni.

Jumatano, 10 Agosti

Dukani Lahti. Nimetazama kibandiko cha bei cha bunduki ya Kiitalia, nikavaa miwani, nikatazama tena. Kwa bei hiyo nilinunua trekta. Muuzaji akanishauri ya Kirusi: rahisi, ngumu, haina urembo, inavunja visahani kama nyingine yoyote. Nikamwambia walishachukua nyumba, zizi na ufuo wetu wa ziwa, siwapi na pesa ya akiba. Akasema bwana, mimi nauza tu.

Nimerudi mikono mitupu. Saimi akauliza kwa nini nisinunue hiyo ya Kirusi. Mke wangu ni mzaliwa wa hapa hapa. Hajawahi kuhama hata chumba.

Alhamisi, 11 Agosti

Bahati! Nilikwenda kwa Ensio kurudisha ngazi. Mezani palikuwa na gazeti, na kwenye gazeti tangazo lililozungushiwa kalamu: bunduki ya marisau, ya Kijerumani, mitutu miwili iliyopandana, imetengenezwa kwa ajili ya visahani, markka elfu mbili tu, Heinola. Ensio alipoona macho yangu yameenda huko alilikunja gazeti akaliweka chini ya kopo la kahawa. Nikamuuliza anapanga nini wikendi. Akasema labda atakwenda mahali Jumamosi.

Ensio ni mtu wa kufikiri polepole. Miaka thelathini ya kupiga visahani, hajawahi kununua kitu kibovu. Akikitaka yeye, hakina haja ya kukaguliwa.

Jumamosi ni mbali. Basi la kwanza kwenda Heinola ni kesho saa kumi na mbili na robo.

Ijumaa, 12 Agosti

Ni yangu.

Muuzaji ni mjane, mwanamke mrefu mwenye maneno machache. Bunduki aliitoa imefungwa kwenye shuka la kitani. Mbao za jozi, nakshi ya ndege kwenye chuma, na kwenye shingo ya kitako nundu laini, iliyochongwa kwa ustadi, ambayo sijaiona kwenye bunduki nyingine. Vidole vyangu viliigonga. Pambo la Kijerumani, nadhani. Kitako nacho kimepinda kidogo, kwa madaha.

Kabla ya kupokea pesa, mjane akaniuliza swali la ajabu: mimi hupiga kwa mkono gani? Nilishtuka, lakini sikuonyesha. Niliutambua mtego. Nikijibu, itafuata sababu ya kupandisha bei. Nikamwambia napiga kwa mkono wowote. Akanitazama kwa heshima kubwa. Marehemu mume wake, alisema, hakuweza hivyo.

Sikukagua zaidi. Niliogopa Ensio asije akatokea mlangoni.

Jumanne, 16 Agosti

Tisa kati ya ishirini na tano.

Kwa bunduki ile ya waya nilikuwa navunja kumi na vinane. Kitako cha hii kimenipiga kofi shavuni kila risasi, mfululizo, kama mwalimu wa zamani. Visahani vilitoka kwenye handaki la mtambo wa kurusha, vikapaa, vikaenda zake msituni vikiwa vizima. Risasi zote zilipita kushoto.

Hakuna aliyesema neno. Ndiyo desturi ya hapa, mtu aliyesimama kwenye mstari haambiwi kitu mpaka aulize. Walitazama miti. Baadaye, bunduki ikiwa imefunguliwa mkononi mwangu kama inavyotakiwa, Ensio aliikazia macho kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Bunduki nzuri hiyo, shemeji." Kwa Ensio hiyo ni hotuba nzima. Wivu ulikuwa unamtoka puani.

Alhamisi, 18 Agosti

Saba.

Nilikwenda nimejiandaa. Kipande cha ngozi ya kondoo kwenye kitako, nimekishona mwenyewe. Sinia la vipai vyetu vya Kikarelia, vya unga wa shayiri nyeusi na wali, kwa Arvi mwenyekiti, ili anipange kupiga kwanza kabla ya upepo. Arvi alikula vinne, akanipanga wa mwisho kama orodha ilivyosema.

Baada ya kisahani cha kumi na tano nilisimamisha zoezi. Nikatangaza kwamba mtambo wa kurusha umeinama. Arvi hakubishana. Alikwenda kuleta pimamaji, akashuka handakini, akapima mbele, nyuma na ubavuni. Wanaume kumi na mmoja walisubiri dakika ishirini wamekunja mikono. Arvi akapanda, akasema mtambo umenyooka. Akaniuliza kama kuna kitu kingine ningependa kuuliza. Nikasema hakuna. Wakatazamana.

Shavu langu lina rangi ya zambarau. Saimi alilitazama, akaitazama bunduki, akaenda kuchuma matunda ya msituni.

Jumapili, 21 Agosti

Ensio arobaini na kimoja. Mimi kumi na saba, kati ya hamsini.

Baadaye tulikaa sauna ya klabu, wanne kwenye benchi: Arvi, Ensio, Eino na goti lake, na mimi. Nilikuwa nimeshindwa, na mtu aliyeshindwa na hana nguo huishiwa ujanja. Nikauliza. Nikasema, jamani, bunduki hii ina nini?

Ensio akamwaga maji kwenye mawe. Akangoja mvuke utulie.

"Ni ya mkono wa kushoto, shemeji."

Nilidhani sikusikia vizuri. Akaeleza taratibu: kitako kimepindishwa upande wa mtu wa kushoto, na ile nundu ni ya kujaza kiganja cha kushoto. Yeye ni wa kushoto. Bunduki ya namna hiyo ameitafuta miaka tisa.

Nikamuuliza Arvi, ulijua? Alijua tangu nilipoitoa kwenye mfuko. Eino je? Naye. Wote kumi na mmoja. Nikasema siku sita mnanitazama napigwa makofi! Arvi akajibu bila ubaya wowote, "Hukuuliza, Mzee. Tukadhani una sababu zako. Nyie watu wa Karelia mna mambo yenu."

Nyumbani nikamhoji Saimi. Hata yeye alijua. Alidhani mjane ameniambia.

Ensio alikuja na ofa kabla ya chakula. Tubadilishane: nimpe ya Kijerumani, anipe yake ya zamani, yenye kitako kilichonyooka, isiyojali mkono, na ataongeza markka mia tano. Na zaidi: timu inaruhusiwa mtu mmoja wa akiba. Nikifikisha thelathini na tano kabla ya Septemba, Arvi ataniandika. Nitakwenda Imatra na jina langu kwenye karatasi. Ensio alisema hayo yote kwa pumzi moja. Sijapata kumsikia akiongea hivyo. Nikamwambia nitalala nalo.

Jumatatu, 22 Agosti

Sikulala. Nilifikiri.

Mtu aliyekitafuta kitu miaka tisa, na bado anaongeza mia tano juu, anajua thamani yake kuliko anavyosema. Nimemwambia Ensio hapana. Alinishika bega, akaenda zake. Imatra atakwenda na Saimi, anayetaka kumtazama kaka yake akipiga. Watapanda basi.

Bunduki haina kosa. Imethibitishwa na watu kumi na mmoja. Kosa liko kwenye mkono wangu, na mkono hufunzwa. Mwaka ujao mashindano yatakuwa Pori, magharibi kabisa, pwani ya upande mwingine, lakini mwaka utakaofuata huenda yakarudi Imatra. Nina muda.

Nimeanza leo. Ukurasa huu wote nimeuandika kwa mkono wa kushoto, kwa muda wa saa mbili na nusu, wino umeenea hadi kiwikoni. Saimi amechungulia juu ya bega langu, akasema hausomeki hata neno moja. Nimemjibu kwamba hata wa kulia ulianza hivyo hivyo.