Mtihani kwa Ulimi Uliokufa Ganzi

Leo nimeaibika, jamani, tena ndani ya koti jeupe nililolipiga pasi mara mbili.

Nilikuwa na mtihani wa mdomo wa dawa za maumivu na mfumo wa neva. Wa marudio. Nikianguka tena, narudia mwaka mzima wa uuguzi. Nimekariri hadi nyumbani wananiita Parasetamo.

Asubuhi nilikuwa wodini, hapa Likasi, nikisubiri kuitwa. Mama mmoja wa Kapolowe alikuwa na vidonda mdomoni, hajala tangu juzi. Nikampelekea jeli ya ganzi ya kupaka (daktari ndiye aliyeiandika, msinishtaki). Akafunga mdomo.

"Onja mbele, mutoto yangu," akasema. "Kwetu ule anakupa kintu, anaonjaka mbele."

Na kwetu ni hivyo hivyo: anayekupa kitu huonja kwanza. Ningekataaje? Nikachota kwa kidole, nikalamba. Akaniangalia tu. Nikaongeza. (Tone moja lingetosha. Najua sasa.)

Mama akaridhika, nikampaka, na baada ya muda akanywa uji wote. Nilifurahi kweli. Nikajiona muuguzi kamili.

Hapo hapo nikaitwa.

Profesa akauliza dawa ya ganzi inafanyaje kazi. Jibu nalijua: inazuia neva kupeleka habari za maumivu kwenye ubongo. Kilichotoka ni "inathuia neva kupelekha habali." Kisha mate. Yakashuka polepole, yakatua kwenye karatasi yake ya maksi.

"Weye ulikunywa pombe?" akauliza. "Asubui hii?"

"Apana, Plof. Ni jeli ya mgonjwa."

"Ulikula dawa ya mugonjwa?"

Wenzangu mlangoni wakaziba midomo. Nikamweleza yote, mate yakinisindikiza. Niliona mwaka wangu unaondoka.

Profesa akafuta karatasi kwa leso. Akanisogezea kalamu.

"Andika. Mu ulimi, nini ilipotea mbele, nini ilipotea nyuma?"

Nikaandika: nilijing'ata, sikusikia maumivu, ila meno niliyasikia. Baadaye hata meno sikuyasikia. Yaani maumivu hutangulia kuondoka, mguso hufuata. Nikajaza kurasa mbili, maana kalamu haina mate.

Akasoma hadi mwisho bila kucheka (mabega yalikuwa yanatikisika). Kumi na nne juu ya ishirini. Nimepita!

Mnaotaka kucheka, chekeni taratibu. Mwakani ni mimi nitakayewachoma sindano.