Kosa ni la Mchanga, Si la Mmwaga Maji

Mwezi wa pili wa mafuriko, siku ya sita ya juma letu la siku kumi.

Nimerudi na tope mpaka masikioni. Sijutii! Kazi yangu mimi Senbi ni kumwaga maji mchangani mbele ya jiwe, ili mbao zake za kuburutia ziteleze. Kazi ya heshima. Wenzangu wanavuta kamba, mimi natembea na mtungi. Leo nikawaza: kama maji kidogo yanasaidia, mengi je? Nikamwaga yote. Jiwe likazama kama kiboko. Kikosi chetu, Marafiki wa Mfalme, kikashinda kinachimba tope huku wapinzani wetu, Walevi wa Mfalme, wakitupita kwa nyimbo. Idu, mmwaga maji wao, akaniuliza kama napanda shayiri. Mshenzi!

Msimamizi Khenu ametangaza: kikosi kitakachotangulia kufikisha jiwe kaburini kwa mfalme siku ya tisa kitapewa paja la ng'ombe. Tukishindwa, mimi nanyang'anywa mtungi, naingia kwenye kamba. Mimi! Na mgongo huu!

Siku ya nane.

Mpango safi kabisa. Mchana Walevi walijaza bia matumboni, wakalala kando ya jiwe lao. Kubwa hilo, na liko mbele ya letu. Nikanyemelea na rangi nyekundu, nikafuta jina la kikosi chao lililoandikwa ubavuni mwa jiwe, nikaandika letu. Mwandiko wa kupendeza! Wao wavute, sisi tule. Sijamwambia mtu. Kikosini kwetu akili huonewa wivu.

Siku ya tisa.

Balaa. Khenu kaona jina, kauliza jiwe letu linafanya nini kwa Walevi. Idu, nyoka yule, akasema kwa upole kwamba walikuwa wanawasaidia tu ndugu zao. Basi Khenu akaamuru tuvute yote mawili! Walevi wakapewa kijiwe kilichobaki gatini. Kabla ya adhuhuri walikuwa wanachoma paja.

Bebi, pande la mtu anayeongoza kamba yetu, kaniambia: "Senbi ndugu yangu, ukipata wazo tena, niite kwanza nikukalie." Hana shukrani. Jiwe lile litasema jina la kikosi chetu milele, kwa mkono wangu!

Siku ya kwanza ya juma jipya.

Niko kwenye kamba. Viganja vimechubuka. Mtungi kapewa shemeji yake Khenu, anadondosha vitone kama anayelia. Siombi radhi kwa mtu!

Kesho tunapandisha jiwe kubwa kwenye mwinuko. Nimemwendea Idu, nikamwomba mafuta ya lile paja. Kanipa huku anacheka, akidhani ni ya viganja. Mjinga! Mbao zikilowa huteleza, na kamba je? Nimeipaka yote, mwanzo hadi mwisho. Inang'aa.

Khenu nimemwalika asimame nyuma ya jiwe, chini kabisa, alione vizuri likipanda. Amekubali.