Maji Yako ya Buluu Yananisingizia, Bwana Mganga Mkuu

Mtaa wa Sikukuu,
Kariakoo, Dar es Salaam.
11 Machi 1957

Kwa Bwana Mganga Mkuu,

Pokea heshima zote zinazokustahili, na zikibaki wagawie wasaidizi wako, isipokuwa yule Bwana Daktari wa utafiti, ambaye kwa sasa simsalimu. Mimi ni Mwinyimvua bin Mbaruku, mwenye nyumba ya vyumba sita, niliyekuwa Kingi, yaani mkuu, wa ngoma ya beni miaka saba mfululizo. Herufi nimejifunza uzeeni, darasa la jioni, kwa miezi mitano tu. Wenzangu wanakwenda mwaka wa pili na majina yao bado yanawatoa jasho.

Habari yenyewe ni mguu wangu wa kushoto. Una kidonda kwenye kidole gumba ambacho hakitaki kupona. Bwana Daktari aliutazama, akasema nina ugonjwa wa sukari, kidonda kimeoza, na vidole viwili vikatwe kabla uozo haujapanda juu. Lakini akasema hakati leo wala kesho, maana mtu akikatwa huku sukari yake iko juu, jeraha halifungi, na wengine hawarudi makwao. Kwanza sukari ishuke. Ana kitabu alimoandika watu arobaini wa namna yangu. Ikapigwa kura: ishirini walazwe wodini wapigwe sindano, ishirini wakae kwao wameze vidonge na waache vitamu, aone lipi bora. Mimi kura yangu ikawa ya nyumbani.

Kila Jumatatu na Alhamisi ninapeleka chupa ya haja ndogo, uniwie radhi kwa neno hilo. Wanaichemsha na maji yao ya buluu. Yakibaki buluu, huna sukari. Kijani, unayo kidogo. Manjano, unayo sana. Yakigeuka mekundu kama tofali, wanaanza kukutazama kwa huruma.

Sasa malalamiko yangu, nayapanga kwa namba ili usipotee.

1. Katika kitabu mimi sina jina, ni Kumi na Saba. Kumi na Sita ni Mgeni, muuza samaki wa Feri, mtu ambaye enzi za beni nilimkataza hata kushika ngoma ndogo. Leo anaitwa mbele yangu. Kama ni lazima tuwe namba, mimi ni Moja.

2. Nimekatazwa halua, tende, kashata, na chai ya sukari. Wali nimepimiwa ngumi. Wewe Bwana ni mgeni wa mambo haya, basi nikueleze. Mwezi uliopita nilialikwa harusi Mchafukoge. Sahani ya halua ikapita, nikaipisha. Ikarudi, nikaipisha tena. Mjomba wa bwana harusi akainuka, akaja kuninong'oneza kwa adabu kama nina kinyongo na ukoo wao, tukae tuyamalize. Watu wazima watatu wakanitoa nje kunisuluhisha na watu ambao sikugombana nao. Ilibidi nile vipande vinne kulinda amani ya mji. Hili Bwana Daktari hakuliandika kitabuni.

3. Vidole vyenyewe. Vidole hivi vilitembea na mzigo kutoka Kilwa mpaka ng'ambo ya Rufiji katika vita vya Mdachi, wakati Bwana Daktari hajazaliwa. Na akishavikata, vinakwenda wapi? Nilimwuliza, akasema kuna mahali pa kuchomea. Bwana, sisi kiungo cha mtu tunakizika. Nimeshaulizia nafasi makaburini, na mpangaji wangu Theophil ameniahidi sanduku la sabuni, limepigwa randa vizuri. Theophil ni Mchaga wa Kibosho, ana duka la jumla hapa Mtaa wa Kongo, Mkristo, lakini ameahidi kuja mazikoni amevaa viatu. Naomba jibu kwa maandishi, vidole viwili vinahesabiwa maiti moja au mbili.

4. Hapa ndipo penye uchungu. Chupa ya kwanza niliijaza hapo hapo hospitali, Bibi Mektilda, nesi wenu, amesimama mlangoni. Ilitoa manjano. Chupa nane zilizofuata nimezileta kutoka nyumbani, na zote nane zimetoka nyekundu. Yaani nilipokuwa nakula halua wazi wazi, manjano. Nilipoanza kujizuia kwa kiasi changu, tofali. Alhamisi Bibi Mektilda aliinua ile chupa ya moto kwenye mwanga, akaniambia mbele ya watu: "Mzee wangu, unakula nini huko kwako? Wewe sasa unawashinda wote arobaini."

Nilikaribia kufurahi, kwa mazoea ya kushinda. Kisha Bwana Daktari akasema vidonge vimeshindwa. Leo Jumatatu nilazwe, sindano asubuhi na jioni, na kama uozo utatangulia kabla ya sukari kushuka, basi hatazungumza vidole tena, atazungumza goti.

Goti, Bwana Mganga Mkuu. Kwa ajili ya maji.

5. Nami nakwambia maji yale yamekosea. Nina hakika kabisa. Hakika hiyo nimeipataje ni siri yangu na nitakufa nayo, lakini naweza kuapa popote kwamba kilichokuwa ndani ya zile chupa nane hakina sukari hata chembe. Ni haja ndogo ya afya tupu. Ni ya kiume, ya nguvu, chupa inajaa kwa pumzi moja. Ukimchukua mtu mwenye afya kuliko wote Kariakoo, nasema kwa mfano tu, mtu kama Theophil, anayebeba gunia mbili za mchele kwa mpigo, anayemaliza mtungi wa maji uani akaomba mwingine, ukamchemshia yake, nina hakika ingetoka nyekundu vile vile. Sasa mtu kama huyo naye ni mgonjwa?

6. Kwa hiyo naomba maji yote ya buluu yamwagwe, yaletwe mapya. Kabla ya kunigusa mimi, yajaribiwe kwa Bwana Daktari mwenyewe, kwa karani wake, kwa wauza duka wa Upanga na mabwana wa Posta, hadharani, pale Mnazi Mmoja, nami niwe msimamizi. Yakitoka mekundu kwa wote, basi ama Tanganyika nzima ina sukari, na mtukate magoti sote kwa usawa bila kupiga kura, ama maji ni mwongo na mimi nimepona.

7. Kitabuni iandikwe: Kumi na Saba amepona kwa vidonge na kwa ukaidi. Utafiti huo mkiupeleka Ulaya, jina langu litangulie la Bwana Daktari, maana mguu ni wangu.

Sina mengi. Nisalimie mpishi wa hospitali, ambaye uji wake sijautukana kama wanavyodai, bawabu wa lango la nyuma, Bibi Mektilda na mama yake, na wale wenzangu thelathini na tisa, hata Mgeni.

Ni mimi mwenye mguu,
Mwinyimvua bin Mbaruku

Nyongeza. Barua nilikuwa nimeshaikunja. Mke wangu Sitara ameniita uani. Theophil ameanguka karibu na kisima. Anapumua kama mtu aliyekimbia kutoka Pugu, na kinywa chake kinanuka matunda yaliyoiva kupita kiasi. Sitara amenionyesha suruali yake: ameifunga kwa kamba, imempwaya kiunoni. Mimi ninayemwona kila siku sikuona. Niliona gunia tu.

Chupa zote nane ni zake. Nilimwambia ni dawa ya kuku wangu wasiotaga, naye hakuuliza, akajaza, akasema, "Chukua, Mzee, mimi hii ninayo usiku na mchana." Nikaona hizo ni nguvu.

Maji yako hayakosei. Yamekwambia mara nane habari za mtu huyu, na mimi nikayaita mwongo. Tafadhali ile sindano ya leo iliyoandikwa Kumi na Saba apigwe yeye. Nimemlaza juu ya rikwama la mizigo, tunakuja wote, na barua hii nakuletea kwa mkono wangu. Akizinduka usimwambie ulivyojua. Mwambie ulimwona usoni.

Nimebeba chupa nyingine mfukoni. Hii ni yangu. Rangi yake siijui, Bwana, na naiogopa.