Mwenye Mchoro Anyamaze

Jumatatu, 3 Juni
Leo nimepata wazo. Sisi wasanifu majengo wa mji huu hatuzungumzi! Tunakutana mazishini na kwenye foleni ya vibali vya ujenzi, tunaulizana hali za watoto, basi. Hakuna anayemwambia mwenzake kwamba jengo lake ni baya. Aibu. Nimeamua kuanzisha mazungumzo ya usanifu, Alhamisi jioni, ofisini kwangu. Kila mmoja alete mchoro mmoja usio na jina, aubandike ukutani, wengine wauseme. Sheria ni moja tu: mwenye mchoro anyamaze mpaka wenzake wamalize.

Faida kwa taaluma ni kubwa. Faida kwangu ni kwamba Vioo atabandika, na Vioo atanyamaza. (Tunamwita Vioo kwa sababu hajawahi kuona ukuta asitamani kuugeuza dirisha.) Kwenye kazi ya maktaba ya shule tumebaki mimi na yeye, na Mwalimu Mkuu anachagua wiki hii. Nimemwalika Mwalimu Mkuu. Aje asikie kwa masikio yake.

Jumanne, 4 Juni
Mke wangu kauliza tangu lini napenda maoni ya watu. Nikamjibu kwamba nayapenda mno, hasa yangu. Akaanza kusema eti mchimba kisima. Nikamkatiza. Mimi ni msanifu, najua kukwepa mashimo! Akasema haya baba, akaendelea kukunja nguo kwa namna ya kuniudhi.

Mzee Zege, aliyetufundisha kazi mimi na Vioo, amekubali kuja. Vioo naye kakubali, tena kwa furaha. Eti ni jambo alilolitamani siku nyingi. Mnafiki! Ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Jumatano, 5 Juni
Nimepanga viti vyote vitazame picha ya zahanati yangu, ile iliyonipatia tuzo. Picha safi: ngazi pana, ukumbi mweupe, hakuna mtu hata mmoja. Ilipigwa kabla ya ufunguzi. Sijarudi pale tena. Kazi nikishakabidhi, nimekabidhi.

Mchoro wangu siubandiki. Mwenyeji hushughulika na chai.

Ijumaa, 7 Juni
Jana sikuweza kuandika.

Walikuja watu wengi kuliko viti. Mwalimu Mkuu nikamketisha mbele. Vioo akabandika mchoro wake chini kabisa ya picha yangu. Jina halikuwepo, lakini nilimwona akibandika, na ile penseli yake nyembamba naijua. Nilishangaa, hapakuwa na ukuta wa kioo hata mmoja. Ilikuwa ramani ya jengo la wagonjwa, mlango mkuu ukiwa upande wa juu wa karatasi, na watu! Kachora watu kila mahali. Watu wameketi chini, nje, kwenye kivuli cha ukuta wa nyuma. Mtu kabebwa ngazini. Ukumbi umekatwa kwa mbao, dirisha limezibwa kwa shuka.

Nikasimama, nikasema yote. Kwamba aliyebuni ngazi zile hajawahi kuumwa mguu. Kwamba ukumbi unapokea jua lote la mchana, ndiyo maana watu wameukimbia. Kwamba mlango wa chumba cha sindano unafungukia foleni, mgonjwa ashushe suruali hadharani. Watu wakacheka. Mwalimu Mkuu alitikisa kichwa. Vioo aliinama, kimya, masikio yamemwiva. Roho yangu kwatu! Nikamalizia kwamba mtu wa namna hii asipewe kubuni hata banda la kuku.

Ikafika zamu ya mwenye mchoro. Vioo akasema taratibu kwamba mchoro ni wake, ila jengo si lake. Mama yake alivunjika mguu, amekuwa akimpeleka pale, na katika kusubiri akawa anachora anachokiona. Hakutaka kumtaja aliyelibuni. Aliuleta ili tusaidiane kufikiri namna ya kulirekebisha.

Mzee Zege akavaa miwani. Akainuka, akatoa pini, akaigeuza karatasi juu chini, akaibandika tena, ngazi zikakaa sawasawa na zile za pichani. Mwalimu Mkuu akaitazama karatasi, akaitazama picha, akanitazama mimi.

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikasema kosa ni la mafundi waliojenga. Mzee Zege akauliza kama mafundi ndio waliochora ngazi. Nikasema chai inapoa.

Jumamosi, 8 Juni
Mwalimu Mkuu kapiga simu. Maktaba kapewa Vioo. Amesema si kwa sababu ya zahanati, kila mtu hukosea. Amesema angenipa hata baada ya yale yote, kama ningeuliza swali moja tu kuhusu wale watu waliokaa chini, badala ya kuwasingizia mafundi. Maneno hayo yamenikata maini. Niliitaka kazi ile. Nilishaanza kuiona kichwani, rafu na yote, na watoto wakinyooshea vidole jina langu mlangoni. Mke wangu kaniletea maji. Hakuimalizia ile methali yake, na huruma hiyo imeniuma zaidi.

Kibaya kuliko vyote, mazungumzo yamependwa! Watakutana tena Alhamisi. Kwa Vioo.

Jumatatu, 10 Juni
Nimeamka na nguvu mpya. Kosa nimeligundua: sheria ilikuwa mbovu. Naanzisha mazungumzo mengine, ya watu makini. Michoro iwe na majina, kwa herufi kubwa. Watu ndani ya ramani marufuku. Mwenye mchoro ndiye atakayesema, wengine wanyamaze, na nitaanza mimi. Mialiko nimekwisha kutuma.

Katikati ya shughuli hiyo kapiga simu muuguzi mkuu wa zahanati. Vioo kamwambia kwamba jengo ni langu. Hakugomba, mama wa watu. Kasema wamefurahi kunipata, wagonjwa wana mawazo yao kuhusu zile ngazi, na leo wamekaa wakinisubiri nije tuzungumze, hata kidogo tu. Nikamweleza kwamba siwezi, niko katika kukuza mazungumzo ya usanifu. Akauliza basi wagonjwa awaambie nini. Nikamwambia awaambie waendelee kusubiri.