Kapteni Musyoka Hawezi Kufa Dakika ya Kumi na Mbili

Stoo ya ngozi ya Aftin,
Soko la mifugo, Mwingi.
Juni 1988

Kwa Mheshimiwa Mwenye Kampuni ya Filamu za Spesi, Ng'ambo,
kupitia yule jamaa wa duka la kanda Nairobi, ambaye ameapa barua itafika.

Ndugu Mheshimiwa,

Pokea salamu kutoka Mwingi. Sisi ni wazima, mvua ilinyesha kidogo, kunde zimeshika, na mbuzi wameanza tena kuwa na kiburi. Natumaini hata nyinyi huko mko wazima, ingawa kwa vile mlivyotufanyia, mkishikwa na homa kidogo mimi sitalia.

Naitwa Muli Ndululu. Asubuhi mimi ni broka wa mbuzi: nasimama katikati ya Msomali anayenunua na Mkamba anayeuza mpaka washikane mikono. Jumamosi mchana, soko ikiisha, Aftin anawasha jenereta, tunaziba madirisha na magunia, na mimi nasimama kando ya televisheni na fimbo kuwaelezea watu filamu kwa Kikamba. Ile yenu ya kwanza, ya kapteni na roketi, nimeieleza tangu mwaka wa njaa, themanini na nne. Nyinyi wenyewe mmeitazama mara ngapi? Mara mbili? Basi kati yangu na nyinyi, mwenye filamu ni nani?

Kuna watu watawaambia Muli aliachia shule darasa la tatu, Kiingereza ametoa wapi. Msiwasikilize. Hata Kisomali sijui, na mbuzi wanauzwa kila wiki. Uso wa mtu ukiuangalia vizuri unasema yote.

Sasa mmeleta sehemu ya pili. Tuliingoja kama mvua. Malalamiko yangu nimeyapanga kwa namba, msije mkasema hamkuelewa.

1. Mmemuua Kapteni Musyoka. Najua nyinyi mlimpa jina lingine, lakini hilo likifika Mwingi lilikuwa limechoka na safari. Nilimwita Musyoka kwa sababu kwetu huyo ni mtu anayerudi, na yeye aliahidi kurudi. Mwisho wa filamu ya kwanza, pale mlango wa roketi, anamshika mkono mama yake mwenye gauni nyeusi, anamwambia: "Mwaitu, mama yangu, naenda kutafuta mvua. Mtu asikalie kiti yangu. Nitarudi." Dereva wa lori la Garissa alilia hapo mpaka akatoka nje kununua soda. Halafu sehemu ya pili, dakika ya kumi na mbili (Aftin ana saa), bunduki ya taa, puu! Musyoka chini. Mvua hakuna, pole hakuna. Asante sana. Miaka minne tunangoja mgeni, na nyinyi mnamchinja mlangoni.

2. Mazishi. Mlimfunga shuka kama gunia la makaa, mkamsukuma nje kwa kidirisha. Hakuna wimbo, hakuna maombi, hakuna hata chai ya waliotoka mbali. Hapa kwetu hata mwizi wa mbuzi anaimbiwa. Wazee wa kanisa walikuwa mstari wa mbele. Wao huja kuchunguza kama filamu ina dhambi, na huu mwaka wa nne uchunguzi bado unaendelea. Mzee Muthama akavua kofia. Nikamwambia mbele ya watu wote, "Mzee, vaa kofia, hakuna mtu amekufa hapa!" Mheshimiwa, mmenifanya nimpigie kelele mzee wa kanisa.

3. Kwa nini nilisema hajakufa? Hapa weka kalamu chini usikilize. Kuna mama anaitwa Kavata. Kijana wake Kiilu aliondoka mwaka ule wa njaa kutafuta kazi upande wa Mombasa, na mpaka leo hakuna barua, hakuna salamu. Huyo mama hajakosa Jumamosi hata moja. Anakuja na kigoda chake na chupa ya uji, nusu yake ni yangu. Anakaa karibu na televisheni. Ni mzee, masikio yake yana mambo yao, saa nyingine anacheka kabla sijafika mahali pa kucheka. Lakini Musyoka akisema "nitarudi," huyo mama anatikisa kichwa polepole, halafu anaenda nyumbani akitembea kama msichana.

Siku mlipomtupa Musyoka nje, akaniuliza, "Muli, mbona wamemfunga shuka?"

Nikasema, "Huko nje ni baridi, mwaitu."

"Na mbona wamemsukuma?"

"Hawajamsukuma. Wamemtuma mbele akaangalie kama kuna mawingu."

Akanimiminia nusu yangu ya uji. "Sawa, mwanangu. Jumamosi utatuambia amefika wapi."

Sasa mnaona kazi mliyonipa? Jumamosi tatu zimepita, kwa picha ni watu wengine wanapigana, na mimi na fimbo yangu natangaza safari ya mtu hayuko! Amepita mwezi. Amepewa maziwa na watu wa nyota fulani, wafugaji, watu wazuri. Juzi nimempitisha kando ya jua, na Kivuva wa Kanyangi akapiga kelele kutoka nyuma, "Muli wee, huyo si atakuwa ameiva!" Watu wakacheka. Mama Kavata hakucheka.

4. Hiyo kiti. Tangu themanini na nne kuna kiti moja mbele hapa stoo, haikaliwi, ni ya Kapteni. Hata watu wakijaa mpaka dirishani, haikaliwi. Baada ya hii sehemu yenu ya pili, huyo Kivuva aliikalia, akanyoosha miguu, eti "marehemu hana kiti." Ilibaki kidogo tu tupigane. Hiyo damu ingekuwa juu yenu.

5. Huyo dada mliyeleta kuwa kapteni mpya, mwenye kichwa cha kunyoa. Hapa nasema ukweli kwa sababu mimi ni mtu wa kanisa: huyo dada ni moto. Anaendesha roketi kama watu wa malori ya Mombasa, mkono mmoja, mwingine anakula. Wasichana wa soko wanampenda, wawili wamenyoa. Pale anapofunga mlango wa roketi na mgongo wake ili watoto wapite, hata mimi nilisahau kueleza, nikabaki nimeshika fimbo tu. Hilo ndilo linaniumiza zaidi. Mngetengeneza filamu mbaya, ningewatukana nilale vizuri.

6. Hiyo sayari yenu mpya. Mawe, vumbi, hakuna mti, hakuna maji, upepo mchana kutwa. Mmejenga hiyo yote? Mngepiga simu. Hiyo ni njia ya Kanyangi, mwezi wa tisa, na tungewaachia bure.

Kwa hivyo naomba mambo machache tu, ya kawaida. Rudieni hiyo filamu kuanzia dakika ya kumi na moja. Bunduki ipige mlango. Kama mwenyewe aliyecheza Musyoka ameshapata kazi ingine, tuna mtu hapa Mwingi anafanana naye kutoka nyuma, na kofia ya spesi atavaa sufuria. Mwisho arudi, akiwa na wingu moja tu, hata dogo, amshike mama yake mkono. Sioni kama ni mengi.

Wasalimie watu wote wa kampuni, wanaoshika taa na wanaopika. Huyo dada mwenye kunyoa msalimie mara mbili. Aftin anawasalimu, wazee wa kanisa pia, ila hawakutaka majina yao yaandikwe.

Ni mimi, mwenye uchungu lakini nimeshiba,
Muli Ndululu,
Mweleza Filamu, na Mbuzi.

N.B. Barua ilikuwa haijafungwa. Deqa, binti ya Aftin, amerudi kwa likizo fupi ya katikati ya muhula, na yeye Kiingereza anakimwaga kama maji. Jana amesikiliza kanda ya kwanza akacheka mpaka akaangukia ngozi za baba yake. Anasema yule wa gauni nyeusi si mama, ni hakimu amemfukuza kapteni. Na kapteni anasema, "Msiningoje. Sitarudi kamwe, na mfe na kiu." Kumbe nyinyi hamkuvunja ahadi yoyote.

Nilienda kwa Mama Kavata kutubu. Nilimkuta anatwanga mahindi ya muthokoi, hata mchi hakuacha. Akasema, "Muli, mimi nilikuwa yaya wa Mzungu kwa shamba la mkonge huko Kibwezi, miaka kumi na moja. Hiyo ya hakimu niliisikia Jumamosi ya kwanza. Si hiyo inanileta. Haya, amefika wapi?"

Basi namba moja mpaka sita futeni. Sehemu ya tatu tumeni haraka, na msihangaike kumfufua Musyoka. Hiyo kazi niachieni mimi.