Mirathi ya Kompyuta Kumi na Moja

Jumatatu, 3 Novemba

Madam Nerea ametangaza: ofisi yetu ya Amu itapata msimamizi. Ni mimi au Jepchirchir, maana hakuna fundi mwingine. Mimi nina miaka mitatu hapa. Yeye ana miezi minane. Jambo liko wazi kama mchana. Lakini Madam alipokuwa akisema alimtazama Jepchirchir, kisha akaitazama kibodi yangu, iliyokuwa imeegemezwa ukutani ichuruzike chai.

Mtihani wetu ni Bwana Abdulghafur. Ana nyumba mbili za wageni Shela, na nyumba ya marehemu baba yake huko Mkomani: chini ofisi, juu anaishi dada yake, Bi Ummu. Kompyuta kumi na moja kwa jumla. Mkataba wake unaisha mwezi huu naye amenuna. Kila Jumatatu saa nane mchana kompyuta zake hujizima na kujiwasha zenyewe ili zijisasishe, wageni wamejaa mapokezini na masanduku yao. Atakayemtuliza ndiye msimamizi. Madam hakusema hivyo. Nimeelewa tu.

Dawa yenyewe ni ndogo. Kompyuta za wateja wetu wote tunazichunga kwa programu moja, bila kunyanyuka kwenye kiti. Juu kuna mipangilio ya wote. Kila mteja anairithi. Ukitaka mteja fulani awe na yake, unavunja urithi kwa huyo peke yake, unaandika saa unazotaka, umemaliza. Jepchirchir alisema angeifanya kesho asubuhi. Nikamwambia aniachie. Akakubali upesi mno. Simwamini.

Jumanne, 4 Novemba

Nimeamka na akili mpya! Mipangilio hata Jepchirchir anaweza kuiweka. La muhimu ni mteja ajue nani kaiweka.

Bwana Abdulghafur hulalamika kwamba ripoti zetu ni za Kizungu na hazisomeki. Na mimi, Hillary Wanyama, nilipata B+ ya Kiswahili kidato cha nne. Jepchirchir alipata C. Nilimwuliza kwa makusudi.

Programu inaruhusu kila mteja awe na maneno yake kwenye ripoti yake. Nimeketi na kamusi kutwa nzima. Anayetoa mipangilio nimemwita Mzazi. Anayeipokea nimemwita Mtoto. Mipangilio kushuka kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine: Mirathi. Lugha tamu hivi sijui kwa nini watu wanaiacha ilale.

Jepchirchir alichungulia na kuuliza kama nina hakika na neno hilo. Wivu huanza hivyo.

Jumatano, 5 Novemba

Kazi imekwisha. Shela: kompyuta zitajizima saa tisa usiku, wageni wamelala. Mkomani nimeipa ya peke yake, na hapo ndipo utu wangu ulipo. Kompyuta za Mkomani zikijiwasha huiamsha mashine ya kuchapisha, nayo hunguruma hadi juu. Ikinguruma saa tisa usiku, Bi Ummu atalalaje? Kwa hiyo Mkomani isirithi za Shela. Yenyewe itajizima Ijumaa saa saba mchana, ofisi imefungwa, watu wako msikitini. Nani mwingine angefikiria usingizi wa mama wa watu?

Ripoti imekwenda saa kumi. Nainakili hapa kwa kumbukumbu:

MZAZI: Abdulghafur, Shela.
MTOTO: Nyumba ya Mkomani.
MIRATHI: Imevunjwa.
SABABU: Bi Ummu.
IMETEKELEZWA NA: Wanyama.

Fupi. Haina neno la ziada. Nimeituma kwa Bwana Abdulghafur na kwa Bi Ummu pia, ili ajue nani wa kumshukuru.

Alhamisi, 6 Novemba

Bi Ummu alipiga simu saa mbili na nusu asubuhi. Alimwuliza Jepchirchir huyu Wakili Wanyama ana afisi wapi. Jepchirchir akamjibu kwamba hapa hakuna wakili. Bi Ummu akasema asifichwe kitu, amesoma kwa mato yake mwenyewe. Baba yao hajatimiza mwaka kaburini. Mali haijagawanywa. Na ndugu yake, tumbo moja, tayari amemtoa kwenye nyumba aliyozaliwa, na kwenye sababu hakuandika hata kosa, kaandika jina lake tu.

Nikaichukua simu mwenyewe. Nikamweleza kwa upole kwamba ni kompyuta tu ambazo hazirithi. Akauliza kompyuta zimeanza kurithi tangu lini. Nikasema tangu Jumanne. Akauliza, ikiwa kompyuta zinarithi, yeye aliyemwuguza baba miaka minne anarithi nini. Nikasema hilo haliko kwenye programu. Akakata.

Jepchirchir alirudi kwenye kiti chake na kuanza kuandika kwenye kibodi kwa kelele sana.

Kwa Madam nimesema mteja ameuliza swali la kiufundi.

Ijumaa, 7 Novemba

Kosa dogo hurekebishwa na fundi mkubwa. Nimeirudisha Mkomani chini ya Shela na kuwatumia wote wawili ripoti ya pili kabla ya sala:

MIRATHI: Imerejeshwa.
MTOTO: Mkomani sasa anarithi yote ya Shela.
IMETEKELEZWA NA: Wanyama.

Nikaenda kula pilau na moyo mweupe.

Saa tisa mchana akapiga Bwana Abdulghafur. Sauti ya chini kabisa. Aliuliza dada yake amenilisha nini. Nikasema sijawahi kula kwake. Akasema yeye na Bi Ummu hawajawahi kugombana hata kwa kikombe, na sasa dada mtu amempigia akilia na kumwita dhalimu, na kabla hajafuta jasho inamjia barua ya kwamba Shela yote imekwenda Mkomani. Akaapa kwamba mkataba wetu umekufa, na kwamba Jumatatu kila mmoja atasimama na wakili wake mbele ya Kadhi.

Sasa wanatafuta mawakili kweli. Maji yamezidi unga.

Jumamosi, 8 Novemba

Nilisahau jambo moja. Mkomani ikirithi ya Shela, inarithi na saa zake. Saa tisa usiku wa kuamkia leo mashine ya kuchapisha imenguruma chini ya kitanda cha Bi Ummu. Amedhani watu wamekuja kuhamisha vyombo.

Madam ametuburura Mkomani asubuhi hii, Jepchirchir na mimi. Ndugu wawili walikuwa wameketi darini, kila mmoja ameelekea ukuta wake. Bi Ummu alikuwa ameshikilia ripoti zote mbili, zimelowa machozi. Nilipoona zimelowa niliona aibu. Aibu ya kweli, ya kifuani. Nilitaka kusema nisamehe, nikajikuta naeleza maana ya Mzazi na Mtoto kwa ufasaha zaidi. Madam alinikanyaga mguu.

Jepchirchir akamwuliza Bi Ummu anafanyaje akipikia watu kumi, na mmoja wao hali pilipili. Bi Ummu akasema humpakulia yake kando kabla hajatia. Jepchirchir akasema basi ndiyo hayo tu. Huyu fundi aliwapakulia Mkomani saa zao kando, ili mashine isikuamshe. Mengine ni maneno ya kamusi.

Kisha Bwana Abdulghafur akamwambia dada yake, bila kumtazama, kwamba yeye tangu matanga hakuthubutu kuitaja nyumba hii, asije akadhani anamfukuza. Bi Ummu akasema naye aliogopa kuuliza, asije akaonekana ana tamaa. Wote wawili wakalia. Wakakubaliana waende kwa Kadhi Jumatatu kama walivyosema, ila pamoja, bila wakili, kila mtu apate haki yake kisheria na waishi vizuri.

Ikaletwa kahawa. Nilipokuwa nikinyoosha mkono, Bwana Abdulghafur aliniuliza kama naijua ndia ya kutokea.

Jumatatu, 10 Novemba

Mkataba umesainiwa, miaka miwili. Jepchirchir ndiye msimamizi.

Nimeumia. Siwezi kuficha. Nilikuwa nimeshamwambia mama Bungoma, naye ameshawaambia kanisani.

Nilimweleza Madam kwamba, ukifikiri vizuri, bila ripoti zangu wale ndugu wangekaa miaka kumi bila kuambiana ukweli. Mimi ndiye niliyewapatanisha! Madam akaninyang'anya wateja wakubwa wote. Nimebakishiwa chekechea ya Mwalimu Quinter kule Langoni. Kompyuta nne. Na nimepigwa marufuku kuandika neno mirathi, urithi, au chochote cha familia hiyo, maisha yangu yote.

Sawa. Amri ni amri.

Jumatano, 12 Novemba

Nimelitafakari suala hili kwa kina na nimejifunza. Tatizo lilikuwa neno moja tu. Kiswahili changu kingine chote hakikuwa na kasoro.

Chekechea nimeiwekea mipangilio yake, nayo inakwenda vizuri, isipokuwa kompyuta ya tatu ambayo haiwasiliani nasi. Labda imechomolewa. Nimeiondoa kwenye orodha. Ripoti nimeipitia mara tano kutafuta neno mirathi. Halimo. Kwenye orodha ya wapokeaji, Mwalimu Quinter ameweka anwani za familia zote za shule, sitini na mbili, kwa ajili ya barua za shule. Ripoti itawafikia wote, nami nimefurahi. Nilikuwa sijawahi kupata wasomaji wengi hivyo.

MTOTO WA TATU: Haonekani tangu Jumatatu.
MZAZI: Hana habari.
HATUA: Mtoto ameondolewa. Wengine watatu wanaendelea vizuri.
IMETEKELEZWA NA: Wanyama.

Imekwenda saa nne kamili. Sasa ni saa nne na dakika sita, na simu za ofisi zinalia zote kwa pamoja, hata ile ya Madam. Jepchirchir alitaka kupokea. Nimemwambia aiache, hao ni wateja wangu na sitaki agawane nami shukrani.