Gambuti la Kifuani Lajazwa Upepo

Redio ya Pancha imefungwa kwa kipande cha tyubu ili betri zisidondoke, na kwa kawaida hukoroma tu. Lakini siku ya habari mbaya husikika vizuri kuliko redio zote za mtaa. Asubuhi ile ilitangaza kwamba kampuni ya mabwawa ya samaki, kuanzia kesho yake, haitamruhusu mkokota wavu yeyote kuingia majini bila "vazi lisilopitisha maji, kuanzia kifuani hadi unyayoni." Sababu ni ruba na kichocho. Asiye na vazi atabaki ukingoni kuhesabu ndoo, na nafasi yake kwenye wavu atapewa mwingine.

Pale kwenye benchi la Pancha, fundi wa kuziba matairi, vichwa vyote viligeuka kumtazama Kambare.

Kambare alipewa jina hilo kwa sababu ya masharubu yake mawili membamba, na kwa sababu miaka kumi na moja ameongoza wavu kwenye tope la mabwawa yale akiwa na kaptula peke yake. Kahawa yake ilipoa mkononi. Kuhesabu ndoo! Yeye, anayejua kwa kidole gumba cha mguu samaki wamejibanza kona ipi! Moyo ulimuuma, na hakujaribu kuficha.

"Pole, ndugu yangu," Pancha alisema. "Miaka kumi na moja ruba wanakula miguu yako, leo ndiyo wakubwa wameingiwa na huruma. Wamewahurumia ruba, lakini."

"Ruba wangu nawajua mmoja mmoja," Kambare alijibu. "Hatujawahi kukoseana heshima."

"Acheni masihara," alisema Mama Chupa, muuza kahawa, ambaye chupa zake tatu za moto hakuna mkono mwingine unaoruhusiwa kuzigusa. "Wewe Kambare, una hela ya gambuti?"

"Ninayo. Kanipa mama watoto, ya gambuti moja tu. Kasema nirudi na kitu kitakachodumu, nisirudi na hadithi."

"Basi umekwisha," alidakia Risiti. "Hapa kijiweni bidhaa yetu ni hadithi tu."

Risiti alikuwa mtunza stoo mstaafu. Neno lisiloandikwa kwake halikuwa neno. Watu walisema mtoto wake wa kwanza alipozaliwa, aliwauliza wakunga amekuja na waranti ya muda gani. Hata sasa alikuwa ameshalinakili tangazo la redio, neno kwa neno, nyuma ya kadi ya kliniki.

"Si kuna lile la dukani?" Mama Chupa aliuliza. "Jipya, zito, lina mkanda wa kiunoni."

"Lile?" Kambare alicheka kwa uchungu. "Bei yake niliiona kupitia dirishani tu, macho yakaniuma wiki nzima."

"Basi chukua la bei ndogo, lakini usidanganywe na rangi," Pancha alisema. "Angalia mishono. Tairi hufa ubavuni, gambuti la kifuani hufa pale mapaja yanapokutana. Halafu kagua buti lilipogandishwa na mguu. Hapo ndipo wezi wa gundi wanapojificha."

"Wewe umewahi kulivaa lini?" Kambare alimuuliza.

"Sijawahi kuwa tairi pia, lakini najua linavyopasuka."

"Achukue kubwa," Mama Chupa aliamuru. "Huko majini atachuchumaa, atainama. Likimbana litachanika siku ya kwanza, na samaki wataona mambo yasiyowahusu."

"Na alianike kivulini," Risiti aliongeza. "Mpira na jua ni mke na wifi."

"Mbona mnaniambia namna ya kulianika wakati sina?" Kambare alipiga kelele. "Mchagua jembe si mkulima!"

"Na asiyechagua?" Pancha alimuuliza. "Si ndiye anayelima kwa kucha?"

Walikuwa hapo, kila mtu bingwa wa vazi ambalo hajalivaa, ndipo alipotokea Belo, muuza mitumba, na magambuti mawili ya kifuani yakining'inia mabegani. Habari ya redio ilikuwa imemfikia hata kabla mtangazaji hajameza mate.

"Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," Mama Chupa alinong'ona.

"Anayetembea ni mimi, mama," Belo alimjibu. "Haya yamebebwa kwa heshima zote."

Aliyatandaza juu ya tairi. Moja lilikuwa jipya, la plastiki nyembamba ya buluu inayong'aa, na lilinuka kama pazia la bafuni. La pili lilikuwa mtumba, la mpira mweusi mzito, lina kiraka gotini, na mguu mmoja umefifia kidogo kuliko mwenzake.

"Bei?" Kambare aliuliza, na sauti ikamponyoka nyembamba kuliko alivyotaka.

"Bei moja. Hili linakuuzia upya, lile linakuuzia uzoefu."

Kambare alilishika la buluu. Kusema kweli alilipenda hapohapo. Alijiona asubuhi ya kesho anatokea ukingoni anang'aa, wenzake wamekodoa macho, msimamizi anamwita bwana. Raha ilimpanda hadi masikioni.

"Liache," Pancha alisema. "Hilo ukikohoa ndani yake linachanika."

"Halichaniki wala halivuji!" Belo aliapa. "Nawahakikishia."

"Andika," Risiti akamsogezea kalamu.

"Siandiki, mzee wangu. Nimeapa."

"Kiapo hakina muhuri."

"Sasa mnataka nilizamishe mbele yenu?"

Pancha aliinuka polepole, akajifuta mikono kwenye suruali. Alikuwa na uso wa mtu aliyeitwa na nchi yake.

"Nyie," alisema, "mimi hapa kazi yangu ni nini? Mteja akileta tyubu, namuuliza imetoka wapi, inajisikiaje? Naijaza upepo, naizamisha, mapovu yanasema yenyewe. Hili gambuti lina tofauti gani na tyubu?"

Hakuna aliyeona tofauti. Risiti mwenyewe alitikisa kichwa kukubali, kwa kuwa povu ni ushahidi.

Wakaanza na la buluu. Pancha alikusanya sehemu ya kifuani, akaingiza mpira wa kompresa, akafunga kwa utepe wa tyubu mizunguko sita. Kompresa ikanguruma. Miguu ikanyooka, mapaja yakajaa, kitambi kikatokea.

"He! Msimamizi wa mabwawa huyo!" Kambare alisema.

"Bado, huyo ameajiriwa juzi," alisema Mama Chupa. "Mwongezee cheo."

Pancha akaongeza. Kitambi kikazidi kutuna na plastiki ikaanza kulia nyembamba. Belo alikuwa amefungua mdomo kusema inatosha, gambuti likamtangulia. *Paa!* Mama Chupa alikumbatia chupa zake zote tatu. Mwendesha pikipiki aliyekuwa akipita alisimama ghafla, akashuka, akayakagua magurudumu yake yote mawili, na Pancha, hata katikati ya maafa, alimpungia mkono akamwambia karibu, mteja.

"Umelipasua!" Belo alipiga ukunga.

"Nimeligundua," Pancha alisema.

"Kilichopasuka ni kiapo chako," Risiti alimwambia. "Ungeniandikia, leo ungekuwa na kesi."

Kambare aliyatazama mabaki ya buluu yaliyotapakaa, akajiona yeye mwenyewe katikati ya bwawa, maji yakimwingilia palepale mapaja yanapokutana. Belo naye si mtu wa kulia muda mrefu, kwani hasara haijawahi kulala nyumbani kwake. Alishayakunja mabaki na kutangaza kwamba kesho yatakuwa aproni mbili za jikoni, mpya kabisa.

Likaja lile zee jeusi. Hili halikuwa na papara. Lilivuta upepo taratibu kama mtu anayeamka, mguu kwanza, halafu mguu wa pili, halafu kifua. Kamba zake za mabegani zikainuka juu zenyewe.

"Zima, zima! Anataka kuongea huyo!" Mama Chupa alisema.

Pancha alizima. Wanakijiwe wote wanne wakalibeba kwenda kwenye nusu pipa la maji, wakalizamisha mguu mmoja. Kambare alipiga magoti, pua karibu iguse maji. Hatima ya hela yote ya nyumba ilikuwa inatafutwa humo, pamoja na nafasi yake ya kesho.

"Povu!" Risiti alipiga kelele.

Kambare nusura atumbukize uso.

"Wapi?"

"Hapo!"

"Hilo ni jasho lako limedondoka, mzee," Pancha alisema. "Futa uso, unaharibu ushahidi."

Mguu wa pili, hakuna kitu. Kiraka cha gotini, kimya. Makutano ya mapaja, shwari. Kambare alipiga yowe la furaha, wenzake wakalipokea, na katika kulipokea wakaachia mikono. Jitu la mpira lililoloa likachomoka pipani, likadunda mara mbili, upepo wa barabarani ukalibeba. Watu walikimbia. Kambare alilikimbilia, akaliwahi mbele ya duka la vioo, akalikumbatia kwa mikono yote miwili, wakaanguka pamoja, yeye chini.

"Mmependana," Mama Chupa alisema. "Mlipe Belo, usimwaibishe."

Kambare alimkabidhi Belo hela, Pancha akafungua utepe upepo ukatoka, na hapohapo Kambare akalivaa. Lilimfika kifuani, likampa nafasi ya kuchuchumaa, ya kuinama, hata ya kushiba. Akaingia kwenye nusu pipa. Akangoja. Akatumbukiza mkono ndani ya gambuti, akapapasa mpaka gotini, akautoa mkono na kuwaonyesha wote.

"Kukavu!"

"Kukavu!" kijiwe kikaitikia.

Alicheza humo pipani, maji yakiruka, masharubu yakicheza nayo. Pancha alipiga rimu kwa spana, Mama Chupa alipiga vigelegele, hata Risiti alitingisha bega moja, la akiba. Kambare hakumbuki lini mara ya mwisho alifurahi hivyo.

Ndipo mkewe alipofika. Yeye ni fundi cherehani, futi ya kupimia haimtoki shingoni, na macho yake humpima mtu kabla hata hajamsalimia. Alimtazama mumewe kuanzia kichwani, akashuka taratibu, na alipofika chini akasimama hapo.

"Baba," alisema, "toka kwanza humo pipani."

Kambare akatoka.

"Mbona buti zote mbili ni za kushoto?"

Pancha alishusha spana. Watu wanne wakainama kwa pamoja. Kweli. Zilikuwa zimeelekea upande mmoja, zote mbili. Aliyelitengeneza zamani alikuwa ameunga mguu mwingine, ule uliofifia, na buti alilokuwa nalo.

"Saa nzima," mkewe alisema, "wanaume watatu na Mama Chupa, hakuna aliyetazama viatu?"

"Shemeji," Pancha alisema kwa unyonge, "kwenye gari matairi yote yanafanana."

Belo alikuwa amepata jambo muhimu la kutazama angani. "Mali iliyojazwa upepo hairudishwi," alisema kwa sauti ndogo.

Kambare alisimama maji yakimchuruzika. Furaha yote ilimporomoka hadi kwenye kidole gumba cha kulia, ambacho sasa ndipo alipogundua kwamba kilikuwa kinalalamika. Alimwona mwingine akiongoza wavu wake. Alijiona na ndoo.

"Linavuja?" mkewe aliuliza.

"Halivuji."

"Umelipima?"

"Tumelipima kuliko roketi."

Mkewe aliuvuta mshono wa mapaja kwa nguvu za kifundi, akauvuta tena, akaushika mpira kwa vidole viwili. Nyusi zake zililegea.

"Ngojeni," alisema Risiti, akiitoa ile kadi ya kliniki na kuisogeza mbali na macho. "Tangazo linasema hivi, nanukuu: 'kuanzia kifuani hadi unyayoni.' Haikuandikwa unyayo upi."

"Soma tena!" Kambare alisema.

"Haikuandikwa! Na kisichoandikwa hakipo!"

Kijiwe kililipuka upya. Mke wa Kambare alijitahidi kuuficha mdomo kwa futi yake, akashindwa, akacheka mpaka akashika benchi.

"Basi kesho kaingie," alisema akijifuta machozi. "Miguu itakuwa chini ya tope. Atakayetaka kuikagua naye avue viatu aifuate."

Kambare alitaka kulia, na aliwaambia kabisa kwamba anataka kulia. Kuvua akakataa. Alisema mguu lazima uzoee kabla usiku haujaingia, akawaaga mmoja mmoja, wakaondoka na mkewe kuelekea nyumbani katikati ya barabara. Hatua kumi za kwanza zilikwenda vizuri. Kisha akaanza kwenda upande. Akalikaribia banda la kinyozi, mkewe akamshika kamba ya begani, akamnyoosha. Hatua nyingine kumi, akaingia mlangoni mwa fundi saa, akaomba radhi, akanyooshwa tena.

Pancha alipanda juu ya tairi, akaweka viganja mdomoni.

"Shemeji! Mrudishe huyo! Ni alaimenti tu, namnyooshea magurudumu dakika tano!"